Sentimita Tatu za Kawangware

Jumanne, 4 Machi 2025

Tetemeko. Tulikuwa ndio tumekaa kwenye mkeka, tende mkononi, adhana imetoka kulia sasa hivi. Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia. Mama akashika birika kwa mikono miwili. Sekunde kumi hivi, basi. Halafu Sarang'ombe yote, mtaa wetu wa Kibera, ikatoka nje, wengine na sahani zao.

Jirani yetu Mama Ramzy aliniuliza mbele ya watu: Zeinabu, si hii ndiyo kazi yako? Ingine inakuja lini? Nikamjibu hatujui, hakuna anayejua. Sisi tunapima ardhi imehama kiasi gani ikishatikisika. Akasema kwa hivyo nyinyi mnakuja watu wakishaumia. Watu wakacheka. Nikacheka pia.

Dkt. Kavoi, bosi wangu, alipiga simu kabla sijamaliza uji. Kipimo ni 5.4, kwenye Bonde la Ufa, upande wa kusini. Kule watu ni wachache, alhamdulillahi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyengoja hii siku miaka. Setilaiti ya rada ilipiga picha ya bonde wiki iliyopita, na itapita tena Jumapili. Tutalinganisha picha ya kabla na ya baada, tuone ardhi imepanda wapi, imeshuka wapi, na ule ufa ulio chini umeteleza kiasi gani. Na kuna antena yetu ya Kawangware 56, juu ya paa la ploti ya kupangisha ya Mzee Gerishon. Hiyo inasikiliza setilaiti zingine mchana na usiku na kutuambia iko wapi hasa, hadi milimita. Nairobi iko mbali na ule ufa, kwa hivyo antena ndiyo mahali petu pasipohama. Kila kitu tunakipima kutoka hapo.

— Umeiangalia antena lakini?

— Nilienda leo asubuhi, daktari. Nikabadilisha betri.

— Na iko sawa?

— Iko sawa.

Iko sawa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumwambia.

Asubuhi nilifunguliwa mlango wa paa na Muchiri, keateka anayetunza ile ploti. Alinibebea betri ngazi zote, gorofa nne, kwa sababu alijua nimefunga. Akaniacha, akashuka kuangalia pampu ya maji. Betri niliibadilisha vizuri. Nilipoinuka, mkanda wa begi ukanasa kwenye antena. Nikageuka haraka na nguzo ikainama. Si sana. Nikaisukuma ikarudi, nikakaza skrubu kwa vidole kwa maana spana niliisahau ofisini. Nikaiangalia kwa jicho. Ilionekana imenyooka. Kwenye daftari la huko juu nikaandika: betri mpya, hakuna tatizo.

Ningeandika ukweli ingekuwa mistari miwili tu. Lakini Januari nilisahau kuchomeka kebo, tukapoteza data ya siku tisa, na Dkt. Kavoi aliniambia mbele ya wote kwamba kosa la pili hatalivumilia. Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini na moja mwezi huu.

Jumatano, 5 Machi

Antena imeruka. Sentimita tatu kuelekea mashariki, kati ya juzi na leo. Dkt. Kavoi aliita kila mtu kwenye meza yake, akaweka kidole kwenye skrini. Miaka minne mistari ya grafu imetembea taratibu, milimita kwa milimita, halafu paap, ngazi. Siku ile ile ya tetemeko.

— Ama Nairobi imehama, alisema. Hakuwa anaamini. Lakini alitaka kuamini, nilimwona.

Antony, mwenzangu wa kazi, akasema kwa 5.4 haiwezekani, ni mbali sana. Dkt. akasema tungoje rada, tusiseme kitu bado.

Nguzo ni ya mita moja. Ikiinama kidogo tu, kichwa chake kinahama sentimita tatu. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimesimama hapo hapo nyuma yao.

Walipoenda lanchi nilibaki, si ninafunga. Nikafungua data ghafi. Ile grafu ya Dkt. inatoa nukta moja kwa siku, lakini chini yake kuna kipimo cha kila sekunde thelathini. Jana saa tano na dakika kumi na nane asubuhi data inakatika: nimechomoa betri. Dakika nane baadaye, mtambo ukishawaka, inarudi — sentimita tatu pembeni. Tetemeko lenyewe, jioni, halikuisogeza hata kidogo.

Kwa hivyo iko hapo, saa na dakika. Nimeiweka kwenye flashi yangu. Kwenye kompyuta ya ofisi nimeifunga nikaendelea na kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeswali msikiti wa Makina, mwili tu. Imamu alizungumza juu ya ulimi. Sikumbuki alichosema.

Jumatano, 12 Machi

Picha imetoka. Ni nzuri, siwezi kusema vingine. Pete za rangi zimezunguka ule ufa kama maji uliyotupia jiwe, tano upande mmoja, mbili upande mwingine. Kila pete ni kama sentimita tatu za ardhi kusogea kuelekea kwa setilaiti au mbali nayo. Mimi na Antony tulikaa siku mbili kuisafisha, kutoa athari za mvuke wa hewani na za milima. Leo Dkt. alikadiria mtelezo: ufa uliteleza kama sentimita thelathini, kilomita chache chini ya ardhi. Hakuna mtu alikuwa na ramani ya ufa huo. Sisi ndio wa kwanza kuuona.

Ningefurahi. Hii ndiyo kazi niliyoiota tangu Form Three, mwalimu wa jiografia alipotuchorea Bonde la Ufa ubaoni.

Halafu Dkt. akasogeza ramani hadi Nairobi. Hakuna kitu. Kawangware, Kibera, mjini, kote ni rangi moja, tulivu. Ardhi haikuhama.

— Basi ni antena, alisema. Mtu ameigusa.

Akanigeukia. Hakuwa amekasirika. Aliuliza vizuri tu, wewe ulikuwa huko siku hiyo, uliona nini? Nikasema niliikuta sawa, nikaiacha sawa. Akauliza data ya sekunde thelathini inasema iliguswa saa ngapi.

Nikasema faili ya siku hiyo imeharibika. Kwa sababu ya kubadilisha betri.

Niliisema bila kukwama. Hata Antony aliitikia kwa kichwa, akasema hiyo hutokea.

Alhamisi, 13 Machi

Dkt. Kavoi alimpigia Mzee Gerishon simu ikiwa spika, mimi nikiwa nimekaa mbele yake. Akamweleza: mtambo wetu umeguswa, kazi ya miaka minne imeingia doa, na wenzetu wa ng'ambo wanauliza maswali. Nani ana ufunguo wa paa?

— Ni keateka peke yake, alisema mzee. Na wapangaji anawafungulia waanike nguo, nimemkataza mara ngapi.

— Basi ongea naye, mzee. Ikiendelea hivi itabidi tutafute paa lingine.

— Hapana, daktari, hatutafika huko. Hiyo niachie mimi.

Dkt. alikata simu, akarudi kwenye ufa wake. Dakika tatu zote. Hakuuliza hata jina la huyo keateka. Mimi jina ninalijua, na la mkewe, Beth, na ninajua wana wasichana wawili na kwamba mdogo ana pumu. Nilikunja karatasi iliyokuwa mbele yangu mara mbili, mara nne, mpaka haikunjiki.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nilitumwa Kawangware kunyoosha antena na spana. Getini alifungua mtu nisiyemjua. Kijana wa dada ya Mzee Gerishon, anaitwa Thuo. Nikauliza Muchiri yuko wapi.

— Huyo alitolewa Ijumaa.

Chumba cha kando ya geti, walichokuwa wakikaa bure kwa sababu ya kazi, sasa kina godoro la Thuo. Mlangoni ile michoro ya chaki ya wasichana bado iko.

Mzee Gerishon mwenyewe alitoka kunisalimia. Ananiita injinia. Akaniambia nisiwe na wasiwasi tena, yule aliyeniharibia kazi ameenda. Miaka sita nimemlisha, alisema, na bado anabisha hakuigusa, analaumu paka. Nilifungua mdomo. Nilisema mzee, mimi nadhani— Akasema najua, wewe una roho nzuri, lakini watu wa aina hiyo ukiwahurumia wanakupanda kichwani.

Nikapanda juu. Nikanyoosha nguzo. Nikakaza skrubu na spana. Kwenye daftari nikaandika: imenyooshwa.

Nilirudi Kibera kwa miguu, kupitia Ngong Road. Ilinyesha, sikujikinga.

Jumanne, 18 Machi

Mama anasema sili vizuri futari. Nimemwambia ni kazi. Si uongo, nadhani. Sijui tena.

Jumamosi, 22 Machi

Alikuja nyumbani.

Nilikuwa nafua. Mama aliniita: Zeinabu, una mgeni. Muchiri alikuwa amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi, ameshika kofia. Kumbe wamehamia mtaa wa Raila, huku huku Kibera, kwa shemeji yake, familia mbili chumba kimoja. Aliuliza njiani nyumba ya yule msichana Mnubi wa mambo ya setilaiti, akaonyeshwa.

Mama alimwekea kiti na kumpa maji. Akakataa, akasema hawezi kunywa mbele ya watu waliofunga. Mama akamwambia hapa kwetu mgeni anakunywa. Bado alikataa.

Alianza kwa kuniomba msamaha. Yeye! Alisema anajua ile antena ni kama mtoto wangu, na kama kuna mpangaji alipita nyuma yake akaigusa, ni makosa yake kwa sababu ufunguo alikuwa nao yeye. Lakini tangu Februari hajamfungulia mtu wa nguo. Alimwambia mzee hivyo. Alimwambia pia: muulize yule dada, yule ni mtu makini, angeona. Mzee akasema huyo dada ndiye amekushtaki.

— Nikamwambia hapana, Zeinabu hawezi, alisema Muchiri. Ni ukweli?

— Sikukushtaki, nilisema.

Hilo lilikuwa kweli, na lilinichoma kuliko yote niliyodanganya.

Anachotaka ni barua. Kuna ploti nyingine, Kawangware hiyo hiyo, inatafuta keateka, lakini mwenye hiyo ploti ni rafiki wa Mzee Gerishon na amesikia habari za mtambo. Barua ya mtu wa ofisi, yenye jina langu, kusema si yeye. Akasema hataki kunisumbua. Akasema mdogo anakohoa sana huko Raila, shemeji anapikia makaa ndani.

Nikamwambia nitaandika. Aje Jumatatu.

Jioni niliandika. Mama akavaa miwani yake, akaisoma yote pole pole. Alikuwa karani wa shule miaka ishirini, barua anazijua. "Hakuna ushahidi wowote unaoonyesha kwamba ndugu Muchiri alihusika."

— Hapa umesema si yeye, alisema Mama. Mbona hujasema ni nani?

— Haijulikani.

Alivua miwani. Akainuka kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nikamfuata huko jikoni nikamwambia yote. Tangu mkanda wa begi. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo. Mwisho alisema jambo moja tu: na ulimwacha aniombe samahani mimi pia, kwa kuja bila taarifa.

Barua nimeichana.

Jumatatu, 24 Machi

Nilitaka kumwambia Muchiri kwanza, nikiwa peke yangu naye. Nilishindwa. Alikuja akiwa na furaha, akauliza barua iko wapi, nikasema barua haitoshi, twende kwa Mzee Gerishon nikaseme kwa mdomo. Akanishukuru njia nzima. Kutoka Kibera hadi Kawangware, akinishukuru.

Mzee alikuwa kwenye duka lake la hadiwea, anapimia mtu nondo. Alipomwona Muchiri uso ukabadilika. Nikasema kabla hajaongea.

— Mzee, antena niliigusa mimi. Tarehe nne, saa tano asubuhi. Begi langu liliinamisha nguzo, na nikanyamaza. Nina grafu yenye saa na dakika. Muchiri alikuwa chini kwenye pampu.

Mteja wa nondo aliacha kuhesabu. Muchiri hakunitazama. Alitazama sakafu, pale penye misumari iliyomwagika.

Mzee Gerishon aliweka nondo chini. Halafu — sikutegemea — akatabasamu.

— Ajali ni ajali, injinia. Hata mimi nimewahi kuangusha tangi la maji. Mtambo ni wenu, mmeshaunyoosha, yameisha.

— Na Muchiri?

— Muchiri nimeshaweka mtu mahali pake. Siwezi kumtoa mtoto wa dada yangu kila siku nikirudisha huyu. Na daktari wenu mwenyewe ndiye alisema ana shida na keateka. Hajaniambia vingine.

Mzee akaniambia nimsalimie daktari.

Mimi nimesamehewa dakika moja, nikiwa nimesimama. Mwenzangu alitolewa siku moja, pamoja na watoto wake.

Tulitembea hadi barabarani. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

— Ile siku, alisema mwishowe, ungeniambia tu mimi. Ningesema ni paka.

— Muchiri—

— Ningesema ni paka, na mzee angenikaripia, na ingeisha. Mimi mzee amenizoea. Angeniambia Muchiri funga mlango vizuri.

Nilisema pole. Ni neno dogo sana. Mtu akikukanyaga kwenye steji ya matatu anakuambia pole.

Aliuliza kama daktari anajua. Nikasema bado. Kesho kutwa ana mkutano na wale wa ng'ambo, watajadili picha na antena, nitamwambia kabla ya hapo.

— Basi nitakuja.

— Si lazima. Nitamwambia mwenyewe, nakuahidi.

— Si ni yeye alipiga simu? Nataka apige ingine, nikiwa hapo nikisikia.

Jumanne, 25 Machi

Nimechapisha grafu. Nimeandika pia maelezo, ukurasa mmoja: nini kilitokea, saa ngapi, ni siku zipi za kurekebisha. Ikirekebishwa data yote inaokoka. Hiyo ndiyo inanitia aibu zaidi — haikuhitaji hata kupotea. Ilikuwa dawa ya nusu saa. Ningesema tarehe tano, Antony angetania, Dkt. angenifokea, na jioni wasichana wangekuwa wanachora chaki mlangoni mwao.

Najua mkataba hautaongezwa. Nimejaribu kuogopa hilo na siwezi kuogopa vya kutosha.

Mama amepiga pasi nguo yangu bila kuambiwa. Kisha akafunga gurusa, chapati zetu za Kinubi, kwenye kitambaa, za Muchiri, kwa sababu yeye hafungi.

Jumatano, 26 Machi

Naandika nikiwa mapokezi, hapa ofisini. Saa tatu kasorobo. Muchiri amekaa kando yangu. Amevaa koti la shemeji yake, mikono imempita. Askari wa mlangoni alimuuliza anatafuta kazi gani. Akajibu ana mkutano na daktari. Gurusa amezila mbili, zingine amezikunjia wasichana.

Hatuongei sana. Ukutani ameona ile ramani ya pete za rangi, wameichapisha kubwa. Akauliza ni nini. Nikamweleza: hapa ndipo ardhi ilihama, na hapa, huku kwetu, haikuhama. Akatafuta Kawangware kwa kidole. Nikamwonyesha. Akasema, kwa hivyo hii picha ilijua tangu mwanzo. Nikasema ndiyo. Ilijua ya antena. Yako haikuweza kujua.

Akarudi kukaa.

Dkt. Kavoi ameingia sasa hivi. Amechangamka, wageni wa ng'ambo wanapiga simu saa nne. Alinipita, kisha akarudi nyuma. Akasema Zeinabu, mbona umekaa huku kama mgeni. Muchiri akasimama. Dkt. akampa mkono, kwa adabu kabisa, mikono miwili, nadhani alidhani ni mzee wa kwetu.

Halafu ameniuliza: huyu ni nani?

Simu yake ikalia kabla sijajibu. Ameinua kidole, tumngoje dakika moja. Amesimama hapo dirishani, anaongea, anatutazama. Muchiri hajakaa. Amekunja mikono ya lile koti, wa kulia, wa kushoto, na sasa ananiangalia mimi.